Tambara Jekundu Chini ya Boneti

Binti yangu alianza kulala na spana akiwa na miaka minne, wenzake wakilala na midoli, na jina hilo likamganda. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, gereji ya marehemu baba yake iko mikononi mwake, na mimi bado namwita Spana.

Asubuhi ile aliingia jikoni kwangu akiwa na mafua yaliyomziba pua kabisa, sauti yake kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nilimpa chai akaishika kwa mikono miwili.

"Leo nakagua kiyoyozi cha gari la baba," akasema. "Bado kinapoza, ila kwa kununa. Gesi inavuja mahali."

"Pumzika kwanza hayo mafua yaishe."

"Nitapumzika tukirudi. Daktari amekwambia joto halipatani na presha yako. Safari ya saa saba, mama, ndani ya kile kigari cha chini kama bakuli? Utafika umeiva."

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kumwona kitukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa na siku kumi na moja duniani. Kigari chenyewe ni cha spoti, cha viti viwili, na umri wake unampita Spana. Marehemu alikinunua kikiwa mifupa mitupu, akakihangaikia miaka mingi. Tangu afariki, miaka sita sasa, kilikuwa kikiwashwa mara moja kwa mwezi na kurudishwa chini ya turubai. Spana angeweza kutafuta gari lingine la safari. Alijua tu, bila mimi kusema, kwamba nilitamani kufika kwa yule mtoto ndani ya gari la mzee.

Na mimi nilikuwa nimefanya sehemu yangu. Wiki moja kabla, niliingia gereji na ndoo na sabuni, nikaliosha lile gari nje na ndani. Nilifungua hata boneti. Humo nilikuta tambara limefungwa kwenye bomba, jeusi kwa grisi, fundo limekaza kama jiwe. Niliona aibu kwa niaba ya marehemu, maana alikuwa mtu msafi. Nililifungua kwa kucha, nikaliloweka siku mbili, likatoka jekundu. Nikalitundika pamoja na vitambaa vyangu vya jikoni.

Basi siku hiyo, Spana alipokwisha kwenda gereji, nilibandika maharage. Hayajachemka vizuri, moto ukawa mdogo, ukazima. Gesi imekwisha. Nilichukua spana yangu ya jikoni, ile ninayofungulia mtungi, nikavuta mtungi mpya karibu. Shingo yake ilikuwa na vumbi. Nikanyoosha mkono nyuma nikashika kitambaa cha kwanza, kile chekundu, nikapangusa.

Mtungi wangu nauvalisha kifuniko nilichokishona mwenyewe, chekundu, chenye vimaua vyeupe. Kwenye pindo kina kiraka, kwa sababu zamani mtu alichana kipande. Nilitazama kifuniko, nikatazama tambara mkononi mwangu. Vimaua vilikuwa vile vile.

Nikalikunjua. Sabuni yangu ilikuwa imekula wino mwingi, lakini mwandiko wa mume wangu naujua hata ukibaki nusu. Yalikuwa maneno mawili tu yaliyosomeka. JIKO. Na chini yake, MOTO.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka wa mwisho wa uhai wake nilikuwa mgonjwa, ananipeleka hospitali kila wiki kwa kigari kile, na kiyoyozi kikafa. Ile gesi yake ya zamani haikuwa ikipatikana tena madukani. Siku moja alikuja jikoni akasema, "Mama Spana, naazima mtungi wako." Nikamwambia wali utaiva kwa macho yako? Akacheka, akaubeba. Tulikula mkate siku mbili. Wiki iliyofuata gari lilikuwa baridi, nikalala njia nzima, na wala sikuunganisha mambo hayo mawili. Mgonjwa haulizi baridi imetoka wapi.

Alikuwa amejaza gesi ya jiko kwenye kiyoyozi. Kisha akafunga lile tambara ili yeyote atakayefungua boneti ajue. Na mimi nikaja na ndoo yangu.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa. Spana hutafuta uvujaji kwa taa ya baba yake. Ni taa ndogo ya shaba yenye moto wa wazi na mpira mrefu unaovuta hewa. Unapitisha mdomo wa mpira kwenye mabomba, na pale gesi inapovuja, moto wa taa hugeuka kijani. Ile gesi ya zamani haikuwa ikishika moto, kwa hiyo hakuna aliyewahi kudhurika. Mafundi wa siku hizi wanatumia vifaa vya umeme, lakini Spana haambiliki kuhusu taa ile. Na ili moto usiyumbe, anafunga milango na madirisha yote.

Nilipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nilijua hatapokea, maana ni sheria ya baba yake: taa ikiwaka, simu haipokelewi na aliyeishika hasemeshwi. Angekuwa mzembe kidogo, angepokea.

Kutoka mlango wangu wa nyuma hadi gereji ni kichochoro cha hatua kama mia mbili. Goti langu la kushoto halijakimbia miaka ishirini. Siku ile lilikimbia. Nilishika ukuta, nikaruka mfereji, nikapoteza kandambili moja na sikuirudia. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba gesi ya jiko hulala chini sakafuni, na yeye ana mafua, hawezi kunusa hata kitunguu.

Jirani wa gereji ni mshona viti vya magari. Alikuwa kibarazani na sindano yake ndefu.

"Bibi, umemwibia nani leo?" akaniuliza. Kisha akaniona uso, akaweka sindano chini. "Kuna nini?"

"Spana amewasha taa?"

"Amefunga milango kama robo saa hivi. Nimgongee?" Alikuwa ameshakunja ngumi.

"Usigonge."

Nilimshika mkono. Niliwaza kwamba mlango ule wa bati ukipigwa ngumi unalia kama radi. Mtu mwenye moto mkononi akishtuka, moto unaenda wapi? Na kama ningeita, angeitikia vile anavyoitikia siku zote, "nakuja mama," na kumalizia kwanza alichokuwa akifanya. Yule mwanamume alisimama kando yangu, akavua viatu vyake taratibu akanisogezea kimoja, kwa sababu mguu wangu ulikuwa unatoka damu. Sijui kwa nini alifikiria hilo wakati ule. Sijalisahau.

Spana yangu ya mtungi ilikuwa bado mkononi, tambara nimelitupia begani.

Miaka arobaini nilipeleka chakula cha mchana pale gereji, na miaka arobaini nilisikia ishara ya marehemu. Kabla ya kuwasha injini yoyote, aligonga chuma kwa chuma mara tatu, kwa mapigo yanayolingana. Maana yake: toa mikono, rudi nyuma, usiulize. Spana alifundishwa ishara hiyo kabla hajajua kusoma.

Niligonga bawaba ya mlango. Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha nikasikia kiatu kikikwaruza sakafu, hatua moja, ya pili, kurudi nyuma.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi. Zima taa."

"Mama? Nimekaribia kuona inapovuja, ngoja ni..."

"Zima taa, mwanangu. Usiguse swichi. Zima tu taa."

Sauti yangu ilitoka ya kawaida, kama namwambia apunguze moto chini ya sufuria. Kupitia mlango nilisikia ile taa ikivuma. Iliendelea kuvuma. Nilikuwa nimelaza paji la uso kwenye bati. Nilimwomba Mungu nikachanganya maneno. Halafu mvumo ukakatika, komeo likavutwa, na harufu ya jiko langu ikatoka ndani ya gereji na kunipiga usoni.

Mshona viti alirudi nyuma. "Bibi, hii ni gesi."

Nilimvuta Spana kwa mkono wa ovaroli hadi upande wa pili wa kichochoro, nikamkalisha kwenye tofali. Nilimpa tambara. Alilisoma, akalisoma tena.

"Moto ulikuwa unarefuka," akasema polepole. "Haukuwa kijani, ulikuwa wa manjano, mrefu. Nikafikiri taa imeziba. Nilikuwa ndiyo nainama, niupeleke mpira chini ya bomba."



"Lilikuwa limefungwa kwenye bomba," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyelifungua. Nililiona chafu."

Nilingoja anilaumu. Alinitazama mguuni, kiatu kikubwa cha mwanamume upande mmoja na kandambili upande wa pili.

"Ulikimbia, mama?"

"Nilikimbia."

"Na goti hilo?"

Mshona viti akajibu badala yangu. "Alikuja kama mwizi wa kuku. Mimi ni shahidi."

Spana alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Tuliacha milango wazi mpaka alasiri. Hakuna aliyewasha hata kiberiti kichochoroni, mshona viti alihakikisha hilo. Baadaye walilisukuma gari nje, wakapaka mabomba maji ya sabuni, na kwenye kiungo kimoja mapovu yakajaa. Sabuni ilikuwa yangu, ya ndoo ile ile. Safari tulikwenda madirisha wazi, taulo la maji shingoni, na nilifika nimeiva kama alivyosema.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale kwenye tofali, Spana alipofuta macho, alitaka kunishika mkono akakuta bado nimeshika spana ya mtungi. Nilijaribu kuiachia, vidole vikakataa. Vilikuwa vimekaza na kuwa vyeupe. Hakuvuta. Alivishika kimoja kimoja, akavipasha joto kidogo kwa kiganja chake, akavigeuza huku na huku bila nguvu, vile baba yake alivyomfundisha kufungua nati iliyoganda, mpaka cha mwisho kikaachia.