Picha Ambazo Mama Tiketi Hakuona Mwanzo Wake

Fundi wa kuchomelea mageti alipoambiwa figo zake zimegoma, na kwamba atakuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, hakuuliza habari za kufa. Aliuliza, "Masaa manne kwenye kiti, nitafanya nini?"

Siku za mwanzo alijipumbaza kwa simu, picha za magari kulipuka. Kwenye kiti cha pili alikaa mama mmoja mwembamba, macho yameingia ukungu, masikio mazima.

"Mwanangu," alisema siku moja, "hakuna picha nyingine duniani isipokuwa za kulipuana?"

"Za polepole zinanilaza, mama."

"Basi tafuta ile isiyo na sauti, ya mpaka rangi na mkewe. Wanapaka nyumba moja, mume nje, mke ndani, wamenuniana. Ikikulaza, nitanyamaza mpaka mwaka uishe."

Nesi alicheka. Mama huyo wote walimwita Mama Tiketi. Miaka thelathini alikata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema ambao sasa umebomolewa.

Fundi hakutaka kusikia habari za picha za zamani zisizo na sauti, lakini binti yake alimtafutia. Akaitazama palepale kitini, akacheka mpaka mashine ikalia na nesi akaja kumtuliza mkono.

"Yote yale kwa sababu ya kofia," alimwambia jirani yake.

"Kofia gani?"

"Ile mke aliyoikalia, mama. Pale mwanzo."

Mama Tiketi alimgeukia. "Mwanzo sijauona. Wachelewaji walikuwa hawaishi. Nilikuwa naingia robo saa baadaye, nasimama nyuma ya pazia. Mianzo yote nilijitungia mwenyewe. Nilidhani kuna mwanamke mwingine."

"Kofia tu, mama."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tangu hapo, yeye alitaja picha, fundi akazitazama nyumbani na mkewe na binti yake, kisha akamletea mianzo. Kuna zilizowahi kujaza ukumbi miezi, na kuna zilizokaa siku tatu zikaondolewa. Hizo za siku tatu ndizo alizozisifu zaidi. "Ile ya hakimu aliyepanga chumba kwa mama wa kijana aliyemfunga jela," alisema. "Watu waliikimbia. Wewe usiikimbie."

Jumatatu iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Fundi alimuuliza nesi. Nesi akamwambia ni kifua tu, amelazwa ghorofa ya juu. Alipochomolewa sindano alipanda ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Mama Tiketi alikuwa ameegemea mito, sauti imekauka. "Umeiona?"

"Nimeiona. Mwanzo ni mahakamani. Hukumu inasomwa, mama wa kijana anaanguka, na hakimu anamwona. Anauliza karani mama yule anaishi wapi."

"Kumbe alikwenda makusudi." Alimshika mkono. "Miaka yote nilidhani alipotea njia tu. Kumbe ndiyo maana alikuwa anamchotea maji."

Wakakaa hivyo, wakirudia hadithi nzima upya, kila tendo la hakimu sasa likiwa na maana nyingine. Nesi wa wodi alichungulia mara mbili, akawaacha.

"Wiki ijayo nashuka," Mama Tiketi alisema mwishowe. "Daktari kasema. Una kalamu?"

Fundi alipapasa mfukoni, akatoa chaki ya kutilia vyuma alama na kipande cha boksi la dawa. "Taja, mama."

"Ziko nyingi, mwanangu. Andika kwa herufi ndogo."