Mayai ya Samaki Kwenye Friza ya Mama Mkwe

Siku friza ya kituo cha utafiti ilipokufa, mtafiti alirudi nyumbani na maboksi mawili ya mifuko ya mayai ya samaki, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mama mkwe wake, muuza barafu za juisi, alifungua boksi moja, akanusa, akalifunga.

"Mwanangu, wateja wangu wakisikia shombo, barafu zote utazilamba wewe."

Lakini akampa nafasi. Habari yenyewe aliijua. Wakubwa wa uvuvi walitaka kuifunga ghuba isivuliwe mwaka mzima ili samaki waongezeke. Mtafiti alishikilia kwamba samaki wale hutaga miezi michache tu, ifungwe hiyo, basi. Ushahidi wake wa mwaka mzima ulikuwa ndani ya maboksi yale, ukisubiri kupimwa maabara. Na baba mkwe alikuwa mvuvi wa ghuba hiyohiyo, kazi nyingine hana.

Kesho yake mtafiti alikuwa baharini, jirani alipompigia simu kwamba umeme umekatika mtaa mzima tangu alfajiri. Boti isingerudi kabla ya alasiri. Alishinda roho juu.

Alipofika, friza ilikuwa wazi, haina kitu. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu rundo la mablanketi pembeni.

"Mfuniko wa friza umelegea, baridi yote inatoka. Nimeyafunga huko."

Mtafiti akafunua. Maboksi yalikuwa yamezungukwa na barafu za juisi, zote, hata zile zilizoagizwa na shule. Za nje zilikuwa uji mtupu. Mifuko ya mayai ilikuwa bado migumu kama mawe.

"Na watoto wa shule, mama?"

"Wamekunywa maji. Hajafa mtu."

Mtafiti akaanza kushukuru huku akifuta machozi.

"Usinililie hapa, yatayeyuka. Nenda kapime."

Alipima. Miezi ya kutaga ilikuwa mitatu, na ghuba ikafungwa hiyo mitatu tu. Ripoti ilipotoka, ukurasa wa shukrani ulianza na mama mkwe, maprofesa wakafuata chini. Mtafiti alimsomea jikoni. Mama mkwe akaweka kisu chini, akamwambia arudie, safari hii polepole. Kisha akamkatiza katikati: asubiri kwanza, jirani aitwe naye asikie.