Tiba Bila Kushuka

Kizunguzungu kilikuwa kimemganda mama tangu juzi, na mwanawe aliapa kwamba mzazi wake hatakwenda kubanana na watu wa mabenchi ya foleni hospitalini. Siku hizi hospitali ilikuwa na dirisha la magari. Unaingia na gari, unapimwa, unapewa dawa, unatokea upande wa pili. Bango lilisema TIBA BILA KUSHUKA. Mtaa mzima ulilisifu, hata wale ambao gari lao ni viatu.

"Ni kama kununua soda tu," mwana alijisifu kwenye usukani.

"Mimi si soda," mama alijibu kutoka nyuma. Kiti cha mbele bado kilikuwa na nailoni ya dukani, na mwanawe hakutaka ichanike.

Dirishani nesi aliwapokea kwa tabasamu la kubandika.

"Mama ana kizunguzungu," mwana alisema.

"Tuanze na presha. Mkono, tafadhali."

Mkanda wa kupimia ulitolewa dirishani, lakini mpira wake ulikuwa mfupi. Ulifika kwa dereva ukagoma. Mama alinyoosha mkono hadi bega likalia, wapi! Nyuma yao honi zikaanza.

"Basi nishuke."

"Hairuhusiwi, mama yangu. Si umeona bango?"

Mwana alitupia jicho magari ya nyuma, akakunja mkono wa shati. "Pima huu. Si damu ni moja? Mimi ndiye kifungua mimba wake."

Mama alisubiri nesi acheke. Nesi akafunga mkanda, akapima.

"Safi kabisa! Mama, presha yako ni ya msichana. Kunywa maji mengi. Anayefuata!"

"Presha yangu?" mama alisema. "Basi nipimie na mimba kwenye mkono huohuo."

"Mama, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu unayo mwenyewe, umeipaka rangi na kuitia petroli."

Akafungua mlango. Ardhi ilimwendea mrama, akashika boneti, kisha ukuta, akajikokota huku honi zikimtukana. Mwanawe aliita, lakini njia ile ilikuwa nyembamba na gari la nyuma lilishamgusa bampa. Alisukumwa mbele mpaka akajikuta barabarani, nje ya geti.

Kwenye mabenchi, mwanamke mmoja mnene alimsogezea nafasi.

"Umeshushwa, dada?"

"Nimejishusha. Kule wamempima dereva."

Benchi zima likaangua kicheko. "Na tairi je, lina homa?" mzee mmoja akadakia. Mama alitaka kucheka nao, lakini kichwa kilimwelemea, akaliangukia bega la yule mwanamke. Kicheko kikakatika. Walipiga kelele watu wote wa foleni, wakamtanguliza, hakuna aliyenung'unika.

Nesi wa ndani alimfunga mkanda, akautazama mshale, akafunga tena. Kisha akamwita daktari kwa sauti ambayo haikuwa ya kubandika.

"Angerudi nyumbani huyu," daktari alisema, akichoma sindano, "tungekuwa tunaongea mengine."

Mama alikuwa amelazwa, dunia imeanza kutulia, honi ndefu iliposikika chini ya dirisha la wodi. Ilipigwa tena, na tena.

Nesi alichungulia. "Kuna kijana kwenye gari anauliza kama mama yake amekwisha, amletee gari mlangoni. Ni wako?"

Mama alifumba macho.

"Ni wangu," alisema. "Mwambie azime hilo dude, ashuke, aje anishike mkono."