Kamera Isiyotuma Picha

Likizo ile ya Krismasi mama aliniomba jambo moja tu: nihakikishe mdogo wangu Makoye harudi machimboni Mwakitolyo. Alikuwa akishuka huko kwa miaka miwili, katika duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu. Kila namba ngeni ilipoita kwenye simu yake, mama aliketi kwanza ndipo akapokea.

Mimi nilikuwa na mpango. Nasoma maendeleo ya jamii, mwaka wa pili, na niliamini kwa dhati kwamba kijana haachi kazi ya hatari kwa kuhubiriwa, bali kwa kuwekewa nyingine mkononi. Kwetu hakuna kipaimara, mahafali wala sendofu isiyotafuta mpiga picha. Kwa hiyo fedha niliyoipata kwa kufundisha tuisheni niliitenga kwa ajili ya kamera ndogo ya dijitali, nikampeleka Makoye Shinyanga mjini aichague mwenyewe.

"Shikamoo, baba," nilimsalimu mwenye duka, mzee Selestine.

"Marahaba. Bibi harusi mmekuja naye, au bado mnamtafuta?"

"Ndiye huyu dada yangu," alisema Makoye. "Ila anataka picha zitangulie, mume atafuata."

Mzee alicheka, akaweka kamera mbili juu ya kioo. Ya rangi ya fedha ndiyo niliyosoma habari zake mtandaoni wiki nzima. Ilikuwa na waifai.

"Hii," alisema mzee, "bibi harusi anapata picha zake kwenye simu kabla keki haijakatwa."

"Na hiyo nyeusi?" aliuliza Makoye.

"Hiyo haitumi kitu, mpaka utoe kadi uichomeke kwenye kompyuta. Ila ni ngumu. Haiingizi maji wala vumbi, na ukiidondosha unaiokota tu."

"Haitumi kabisa?"

"Kabisa."

"Nataka hiyo."

Nilidhani hajaelewa. Nilimweleza kuhusu wateja, kuhusu jina ambalo mpiga picha hujijengea, kuhusu ofisi ndogo ambayo angeweza kuifungua baadaye. Aliniacha nimalize.

"Dada, kule simu tunaziacha juu kwa mlinzi. Wiliam, mwenye duara, hataki mtu ashuke nayo. Mkigusa tu mwamba wenye mali, picha imeshafika duara la jirani. Hii haina pa kuituma. Ataikubali."

"Aikubali ya nini?"

"Baruti ikishalipuka, moshi haujaisha, mtu mmoja hutangulia kuangalia mkanda wa dhahabu umeendaje. Ndiye mimi. Nikipanda nikasema umekatika, wenye hisa wananiita mwongo, wanasema nimeuficha. Mwezi wa kumi walinipiga." Aliyasema hayo huku akiigeuzageuza kamera. "Wakiuona kwa macho yao, hawatanigusa."

Mwezi wa kumi alikuwa ametuambia kwamba ameanguka na bodaboda. Mama alimtumia fedha ya dawa.

"Sinunui kitu cha kukurudisha shimoni," nilisema.

"Nduhu tabu," alijibu kwa Kisukuma, bila hasira. Hakuna shida. "Usinunue. Januari nitashuka na mdomo wangu tu, kama siku zote."

Nilimgeukia mzee.

"Kwenye moshi inapiga?"

"Moshi ukiwa mzito, mwanga wa flashi unagonga moshi na kurudi. Utapata weupe mtupu. Asubiri moshi uishe kwanza."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, maana moshi wa baruti shimoni huua. "Umesikia, Makoye? Mwambie Wiliam picha haitoki mpaka moshi uishe. Mwambie si woga, ni mashine ndivyo ilivyo."

Makoye naye alimgeukia mzee. "Na nikiusogelea mwamba karibu sana?"

Nilimtikisia mzee kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye vitufe.

"Ukisogea karibu kabisa," alisema, "ukaweka hapa penye alama ya ua, itaona."

Makoye aliichukua kamera nyeusi, akapiga magoti kwenye ukuta wa mlangoni, mahali lipu ilipopasuka. Aliisogeza hadi ikabaki nafasi ya kiganja. Mwanga uliwaka, ukawaka tena. Alirudi akanionyesha: punje za mchanga zilihesabika ndani ya ufa.

"Tazama, dada. Nani atabisha hapa?"

Alikuwa anatabasamu. Tangu aje nyumbani sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo.

Mzee Selestine alivuta kitabu cha risiti. "Niandike jina gani?"

Nilifungua mkoba. "Makoye," nilisema. "Andika Makoye." Kisha nikaomba na betri ya akiba, kwa sababu huko chini hakuna pa kuchaji.