Ubaya wa Sebule Pana

Sebule yangu ni pana kuliko sebule zote za ukoo wetu, na kwa ajili hiyo mwaka jana kila aliyepata furaha aliileta kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Sina mume wala mtoto, na kwa ndugu zangu hiyo ina maana sina shughuli.

Alianza mdogo wangu, akaolewa mwezi wa pili. Nikashona gauni lake na ya wasimamizi, tukatoa makochi uani, mvua ikayanyea. Sherehe ilipokwisha, maharusi wakaomba wajishikize kwangu kidogo, eti chumba chao kinapakwa rangi.

"Kesho tunahama, shem," mumewe aliniambia huku akitafuta rimoti.

Akasema hivyo kila kukicha, mpaka nikambatiza jina la Kesho. Akaitika bila haya.

Kabla rangi haijakauka, Baba akastaafu kazi ya bohari. Mama alikwisha kututoka miaka mingi nyuma, na Baba akaona hawezi kustaafu peke yake. Tukamfanyia sherehe, kwangu bila shaka, na wageni walipoondoka yeye hakuondoka. "Nimekuja kupumzika, mwanangu," alisema. Akapewa chumba changu. Mimi nikahamia kwenye chumba cha cherehani, nikalala kati ya vitambaa vya watu.

Kisha Baba, mtu asiyeumwa hata ukucha, akaanza kwenda zahanati kupima presha. Anaoga, anajipulizia manukato, anakwenda kupima presha. Nilikuwa nimechoka mno kujiuliza.

Mwezi wa nane mdogo wangu akajifungua pacha. Mashangazi walihesabu miezi kwa vidole, wakatazamana, wakasema watoto wa siku hizi wana haraka. Makochi nje tena. Siku ya kuwapa majina, Baba akasimama kuwaombea wajukuu, akamaliza dua kwa kusema anaoa. Anamwoa muuguzi wa pale zahanati.

Mdogo wangu akaangua kilio.

"Baba, kwa umri huo?"

"Sasa nioe kwa umri wa nani?"

"Dada, sema kitu! Wewe ndiye mkubwa!"

Wote wakanigeukia. Nikamuuliza Baba, "Anavaa saizi gani?"

Mashangazi walinisifu kwa busara. Haikuwa busara, ni uchovu. Hata kukasirika kunataka nguvu.

Nikashona gauni la mama wa kambo huku pacha wakipokezana kulia. Siku ya harusi nikamvalisha, nikasema nikalete pini tu, nikaketi kwenye cherehani. Usingizi ukanibeba hapohapo, shavu juu ya kitambaa.

Nilizinduliwa na sauti mlangoni. Kesho alikuwa anauliza, "Shem yuko wapi? Soda zimekwisha."

"Amelala," bibi harusi akamjibu.

"Sasa nani ataleta?"

"Miguu unayo, baba. Duka si lile pale?"

Nilifumba macho nikacheka kimoyomoyo. Mwaka mzima sikuwa nimeliwaza jibu jepesi kama hilo.

Baadaye akaingia na gauni lake la harusi, upindo ameukunja mkononi, na sahani iliyofunikwa. Akasukuma mikasi kando, akaiweka mbele yangu.

"Umekula saa ngapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Nikakumbuka nilivyowapakulia wageni, nikamkumbuka Baba, nikakumbuka hata maziwa ya pacha. Machozi yakanitoka kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Utalia ukishiba," alisema, akavuta kigoda akakaa.

Nikala. Kule sebuleni waliita bibi harusi aje akate keki. Akawajibu wasubiri, mwanawe anakula. Neno lile, mwanangu, nilikuwa nalisikia kila mara mtu anapotaka kunituma. Safari hii hakunituma popote. Nilipomaliza akachukua sahani, akatoka, akanifungia mlango, nami nikalala tena.