Mgeni Anaomba Njia

Kazini walimwita Muktadha, na jina alijitafutia mwenyewe. Hakuwa na sentensi mbili mfululizo zisizo na neno hilo. Ukimuuliza mbona intaneti ya ghorofa ya pili inasuasua, naye atakuuliza inasuasua kwa nani, huyo mtu yuko wapi, anafanya nini, na wenzake saa hizo wanafanya nini. "Huo ndio muktadha," angekuambia, na wewe masikini ulitaka tu barua pepe yako iende.

Lakini kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Ni yeye aliyeufundisha mtandao wa hospitali moja kubwa kutii maana badala ya majina. Zamani pale kila ruhusa iliandikwa kwa jina: simu ya daktari fulani ipewe njia pana, kompyuta ya karani fulani ipewe nyembamba. Muktadha alizifuta zote. Akaandika sera zinazosema, kwa mfano, anayemhudumia mgonjwa mahututi apewe njia pana, awe nani awe nani. Mtandao wenyewe, kwa antena zake za darini, uangalie nani yuko chumba gani, yuko zamu au hayuko, nani anamwita nani, kisha uamue. Siku msaidizi wake alipothubutu kuandika sera yenye jina la daktari mkuu, alikiona cha mtema kuni.

"Jina ni uvivu," Muktadha alimwambia. "Leo ni daktari mkuu, kesho kalazwa wodini. Utampa mgonjwa funguo za stoo ya dawa?"

Msaidizi akafuta jina. Kwa mambo ya mtandao hakuna aliyewahi kubishana na Muktadha akashinda, na mtu asiyeshindwa kazini huwa ana hatari ya kudhani hashindwi popote.

Sasa kampuni ilitaka kuuza mfumo huo majumbani, na ilitafuta mkuu wa idara mpya. Cheo hicho Muktadha alikitamani mpaka kikamkosesha usingizi. Watu aliowafundisha kazi kwa mkono wake walikuwa wameshampita, wana ofisi zenye milango, yeye kabaki kusifiwa tu kwenye vikao. Sifa hazikaliwi kama kiti. Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimweleza waziwazi.

"Ufunge mfumo kwako mwenyewe. Uache mwezi mzima uisome nyumba. Kisha utuonyeshe ukiwa hukohuko kwako. Ukifaulu, idara ni yako."

Akaufunga Jumapili moja: antena sebuleni, antena jikoni, antena kwenye korido ya vyumba, na kufuli la geti likaunganishwa humohumo. Nyumbani walikuwa wanne. Yeye, mkewe, binti yao aliyekuwa akingoja kwenda chuo, na mama mkwe, ambaye dunia nzima ilimwita Bibi isipokuwa Muktadha, aliyemwita Mama na kuinamisha kichwa kidogo kama mkwe mwenye adabu zake. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Sera aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: mwenyeji ni yule ambaye akitoka, nyumba hubadilika, mgeni ni yule ambaye akitoka, nyumba huendelea vilevile. Anayebadilisha zaidi ndiye mwenyeji mkuu. Alipowasomea wenzake ofisini walimpigia makofi.

Mgeni apewe sauti na ujumbe, akaandika, ila njia ya picha, yaani video, aonjeshwe dakika chache tu, kisha aombe kwa mwenyeji mkuu. Na kwa kuwa alilelewa akaleleka, akaongeza kwamba wakati wa kula simu za wenyeji zote zinyamaze, lakini ya mgeni isizuiwe, maana hujui kwake ameacha nini.

Basi akaiacha nyumba isomwe, akaenda ofisini kuandaa maonyesho ya jinsi nyumba inavyosomwa, na huko ndiko ulikoishia mwezi wake. Alitoka wa nyumbani hawajaamka. Alirudi akakuta chakula chake mezani kimefunikwa, sahani juu ya sahani, akala amesimama. Akifungua video ya kazi, inaenda kidogo kisha inagoma. Akawalaumu wanaouza intaneti, akawaandikia malalamiko makali, akalala. Ukurasa wa mfumo unaoonyesha nyumba yake imesomwaje hakuufungua hata siku moja. Kinyozi hajinyoi, ndivyo ilivyo.

Jumamosi ya maonyesho ikafika, na jikoni palikuwa na shughuli nyingine kabisa. Binti alikuwa anaondoka Jumatatu, na mkewe alikuwa amepika tangu asubuhi chakula cha kumuaga. Muktadha alikuwa ameahidi mambo mawili: Jumamosi atakaa mezani na familia, na Jumatatu atampeleka binti chuoni mwenyewe, mpaka mlango wa bweni.

"Saa saba tunakula," mkewe alimkumbusha, mwiko mkononi. "Si saa saba ya ofisini kwenu. Saa saba ya hapa."

"Nitakuwa nimemaliza. Ni kuwaonyesha tu."

"Umesema."

"Nimesema."

Akakaa sebuleni, shati na tai juu, kaptula chini. Kwenye kompyuta zikatokea sura za wakubwa. Alikuwepo Mkurugenzi, na alikuwepo mkuu wa fedha, mzee mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Lakini, kwa sababu hakuwahi kukubali jambo lolote kabla ya kulitanguliza neno hilo. Muktadha akaanza vizuri. Akaisoma ile sera yake ya mwenyeji na mgeni, akaona vichwa vinatikisika kwa kukubali. Akasema, "Sasa tuitazame nyumba yangu." Hapo picha ikaganda, yeye kafumba jicho moja na mdomo wazi.

Jikoni simu ya Bibi ikalia kengele. Bibi akaja mpaka mlango wa sebule, akifuta mikono.

"Baba," alimwita kwa upole, kama anavyomwita siku zote, "nisamehe kukukatiza. Humu ndani kuna mgeni?"

"Hakuna, Mama. Niko kwenye mkutano."

"Mbona simu inaniambia mgeni yuko sebuleni, anaomba njia? Na si leo tu. Mwezi mzima anaomba. Mimi namkatalia, simjui, na dunia yenyewe ndiyo hii. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hashiki, ni njia tu, njia tu."

Muktadha akaipokea ile simu kwa mikono miwili. Ilisema hivyohivyo: Mgeni yuko sebuleni. Anaomba njia ya picha. Umruhusu? Mwezi mzima aliokuwa akiwatukana wauza intaneti, kumbe alikuwa akinyimwa na mama mkwe, kwa amri aliyoiandika yeye.

Picha ilikuwa imeganda, lakini sauti ilipita bila kikwazo, kama sera ilivyoagiza.

"Lakini," akasema Bwana Lakini, "huku kwetu tunauona ukurasa wa mfumo wa nyumba yako. Wenyeji watatu, mgeni mmoja. Mgeni yuko sebuleni. Sebuleni si upo wewe?"

"Nipo mimi."

"Basi mfumo umekosea."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Akisema umekosea, cheo kimekwenda na maji. Nani atanunua mfumo ulioshindwa kumtambua baba mwenye nyumba, tena aliyeutengeneza yeye, tena baada ya mwezi mzima? Akisema haujakosea, ukuta kati ya sebule na jikoni ulikuwa mwembamba, na mwiko kule jikoni ulikuwa umeshaacha kugonga sufuria.

Akafungua ukurasa wa ushahidi, kwa mara ya kwanza. Juu kabisa, mwenyeji mkuu, ni Bibi: akitoka, televisheni huzimwa, na mkewe huangalia kufuli la geti kila mara mpaka arudi. Mkewe akichelewa, saa ya kula husogea, hakuna anayegusa chakula. Binti alipokwenda kulala kwa shangazi yake, simu za jikoni zilimpigia jioni nzima, na Bibi alilala mapema. Kisha mstari wake yeye. Anapotoka, hakuna badiliko. Anaporudi, hakuna badiliko. Safari yake ya kikazi, siku ambazo hakulala nyumbani kabisa: hakuna badiliko.

Alitafuta kosa. Mungu anajua alilitafuta, kwa jicho la fundi, na akaumia kuona kazi ilivyo safi.

"Haujakosea," akasema. "Umesoma sawasawa. Mimi nikitoka, nyumba hii inaendelea vilevile. Kwa sera yetu, mimi hapa ni mgeni."

Halafu Mkurugenzi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, akacheka.

"Mfumo usiomwonea haya hata aliyeuumba," akasema. "Ndio tunaoutaka."

"Lakini huo utauzika," akasema Bwana Lakini.

Bibi bado alikuwa amesimama pale na kidole juu ya kioo cha simu. "Kwa hiyo huyu mgeni nimruhusu?"

"Niruhusu, Mama."

Bibi akabonyeza. Picha ikarudi, wakubwa wakamwona uso, mmoja akamuuliza kama anaumwa. Muktadha akasema ni mwanga wa dirishani.

Saa saba ya hapa ilimkuta mezani, bila tai. Simu za wanawake watatu zilikuwa zimepangwa pembeni mwa meza, kimya. Mkewe alipakua bila kumtazama.

"Nimekusikia," akasema.

"Nilikuwa naeleza mfumo tu."

"Umeeleza vizuri."

"Baba," binti akasema, "ungetuuliza sisi tungekuambia bila antena." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekupa njia ya mkato, na ndiyo maana ilimchoma. Muktadha alitaka kujitetea kwamba yote hayo anayafanya kwa ajili yao. Akaiona sentensi hiyo inavyokuja, imechoka, imekwisha kusemwa na kila mwanamume aliyewahi kuchelewa kurudi, akaimeza.

"Nitabadilisha," akasema.

Mkewe akasimamisha kijiko. "Sera?"

"Sera iko sawa. Nitabadilisha mimi."

Mkewe akamtazama, mara ya kwanza siku hiyo, kisha akachagua kipande cha nyama kizuri kuliko vyote akamwekea. Muktadha akafurahi, furaha ya kweli, kama ya mtoto aliyesamehewa kabla ya fimbo. Binti akaanza kusimulia habari za bweni, kwamba vitanda ni vya ghorofa na yeye anataka cha juu. Bibi akamwonya kwamba wa juu ndiye huanguka. Wakacheka wote wanne.

"Jumatatu tutoke mapema, Baba, niwahi kitanda."

"Alfajiri," Muktadha akasema. "Nakupeleka mwenyewe."

Simu yake ikalia.

Zile tatu pembeni zilikuwa kimya kama zilivyoamriwa. Iliyolia ni yake peke yake, na mezani hapakuwa na mtu asiyejua kwa nini. Ikakatika. Ikalia tena. Alikuwa Mkurugenzi, anapiga kwa intaneti kama kampuni nzima ilivyozoea, maana vocha hawapendi kununua.

Angeweza kuiacha. Aliitazama, akawatazama wao.

"Pokea, baba," akasema Bibi, wala hakuwa anamkejeli. "Mgeni hanyimwi."

"Dakika moja tu," Muktadha akasema, akainuka, akatoka barazani.

Cheo kilikuwa chake. Alishukuru mpaka akaishiwa maneno. Mkurugenzi akamwambia wateja wa kwanza wameshapatikana, wako mbali, gari litamfuata Jumatatu alfajiri.

"Sawa," akasema Muktadha, na neno lilikuwa limeshatoka ndipo alipokumbuka Jumatatu ni siku gani.

Mkurugenzi alikuwa amekata. Muktadha akasimama barazani na simu mkononi, akipanga namna ya kumpigia tena. Atamwambia kuna binti, kuna chuo, kuna ahadi. Akayapanga maneno, akaona yanaharibu bahati siku ileile iliyoingia, akayapangua. Akayapanga upya kwa kuanzia mwisho. Mtu aliyeweza kuieleza mitambo kila hali ya kila mtu katika kila chumba alishindwa kupata sentensi moja ya kumwambia bosi wake. Jua likasogea kutoka ukingo wa baraza mpaka kwenye vidole vyake vya miguu.

Alipoingia ndani meza ilikuwa imeshafutwa. Wote watatu walikuwa jikoni, wanaosha vyombo na kucheka jambo ambalo hakulisikia mwanzo wake. Alisimama mlangoni akangoja, na mazungumzo yao yakaendelea vilevile. Akarudi mezani. Sahani yake ilikuwa mahali pake, na juu yake wamefunika sahani nyingine, kama siku zote.