Wachukuzi wa Uso wa Mkurugenzi

Jumanne saa nne asubuhi, Mama Povu alifungua bomba la uani kwake mara tatu. Mara ya kwanza likakohoa, mara ya pili likatema mdudu, mara ya tatu halikutoa kitu. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Ndani, kwenye chumba chake cha udobi, marobota ya nguo za watu yalikuwa yamefika usawa wa dirisha: aproni za wahudumu wa hoteli, mashuka ya zahanati, na gauni moja la harusi lenye doa la mchuzi ambalo mwenyewe alilitaka Jumamosi bila kukosa. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa Mama Povu nguo zilikuwa zimeshavuliwa. Maji ndiyo hayakuwepo.

Akavuka barabara. Ofisi ya maji ilikuwa hapo mbele tu, hatua thelathini na tano kutoka mlangoni kwake, na karani wa dirisha la tatu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, bomba halitoi maji."

"Pole sana, shemeji. Siku hizi malalamiko tunayapokea kwenye tovuti tu. Unaingia, unabofya palipoandikwa Malalamiko, unajaza."

"Si niko mbele yako hapa?"

"Mimi nakuona," alisema shemeji kwa upole. "Mfumo haukuoni."

Hakuwa mtu mbaya. Jumapili iliyopita alikula kwa Mama Povu sahani mbili na kuulizia ya tatu.

Mama Povu alirudi nyumbani, akampa simu binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu na kila jambo alilieleza kama yuko darasani. "Nikibofya hapa, mama, simu inapeleka ombi. Ombi linakwenda kwenye mashine inayoitwa seva, huko ukurasa ulikohifadhiwa. Seva inaukata ukurasa vipande vipande, kila kipande kifurushi chake na namba yake. Vinapita njia mbalimbali, vikifika hapa vinapangwa upya."

"Kama nguo za wateja."

"Hivyo hivyo. Vinapita kwenye waya."

Lakini waya wa mtaa ule ulikuwa umekatwa jana yake na wachimba mitaro wa ofisi ya maji, waliokuwa wakitafuta bomba wakapata huo. Kwa hiyo ukurasa ulikuja kwa miguu.

Baada ya robo saa geti liligongwa. Akaingia mtu mrefu mwenye koti la kahawia, mnyapara wa wenzake, akaomba radhi kwa kuchelewa. "Jina la ofisi mnalitumia ninyi kwa raha zenu. Sisi tunakwenda kwa namba. Ilibidi nipitie kwa bibi mmoja mwenye daftari la majina yote na namba zake, na leo kwake kuna foleni."

Nyuma yake wakaanza kuingia wachukuzi, kila mmoja na bahasha mkononi na namba mgongoni. Namba saba alifika kabla ya namba mbili. Namba kumi na nne alikuwa amelowa chapachapa kwa sababu alipita chini ya bahari. Namba ishirini alikuwa na theluji mabegani.

"Vueni viatu," alisema Mama Povu. "Nimepiga deki na maji ya mwisho."

Walivua. Mmoja mmoja wakaweka vipande vyao juu ya meza ya kupigia pasi, na Mama Povu akamtilia kila mmoja sahihi kwamba amepokea. Mnyapara alihesabu, akasema namba thelathini na moja amepotea njiani, akaagiza mwingine. Alipofika huyo mwingine, yule wa kwanza naye akatokea, kumbe alizungukia miji mitatu kukwepa msongamano. Wakasimama thelathini na moja wawili, sura moja, jasho moja. Mnyapara akamrudisha mmoja bila kumuuliza jina.

Ukurasa ulipokamilika, ulikuwa uso wa mkurugenzi wa ofisi ya maji, akitabasamu. Uso huo peke yake ulibebwa na watu thelathini na wanane. Pembeni, kwenye kipande kilichobebwa na mtu mmoja, palikuwa na kitufe kilichoandikwa Malalamiko.

Mama Povu alikibonyeza. Mchukuzi mmoja mwembamba akatoka mbio, na baada ya muda akarudi na karatasi moja nyepesi: Ukurasa haukupatikana.

"Umefika kweli?"

"Nimefika, mama. Mashine iko kwenye chumba cha baridi, ng'ambo ya bahari. Nimebisha, nimejibiwa kistaarabu. Ukurasa huo haujawahi kutengenezwa. Walibandika kitasa, mlango hawakujenga."

Mama Povu alimshika mkono wakavuka barabara hadi dirisha la tatu. Shemeji aliisoma karatasi, akamletea mchukuzi kiti.

"Basi hili ni kosa la tovuti," alisema. "Lazima liripotiwe."

"Linaripotiwa wapi?"

Shemeji alimrudishia karatasi. "Kwenye kitufe kile kile."

Wakati huo mkurugenzi mwenyewe alikuwa akitoka kwenda kula. Alipoambiwa mchukuzi huyu ni nani, alifurahi. "Picha yangu inafika vizuri?"

"Inafika, mzee," alisema mchukuzi. "Ila ni nzito."

"Mimi naiona ndogo," akasema mkurugenzi, na alasiri ile ile ikakuzwa.

Kesho yake Mama Povu alijaribu tena, wakaja watu tisini na sita. Foleni ilianzia getini ikaishia kwa kinyozi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepitia nchi za baridi, na mnyapara akawaambia wakung'ute theluji nje wasichafue nyumba ya watu.

"Subirini," alisema Mama Povu, akaleta beseni. "Kung'uteni humu."

Saa tatu mabeseni manne yalikuwa yamejaa. Theluji iliyeyuka ikawa maji laini, na povu lilipanda hadi kwenye viwiko vyake. Wale wa baharini aliwaelekeza wakajikamulie sakafuni, yawe ya kupigia deki, kwa kuwa sabuni haipatani na chumvi. Halafu akagundua jambo: mchukuzi asipotiliwa sahihi, mzigo wake huletwa upya na mwenzake, naye anakuja na theluji yake. Tangu hapo wa baharini aliwatilia sahihi palepale, wa theluji akawaambia kalamu imepotea.

Gauni la harusi lilitoka jeupe Ijumaa jioni. Majirani walipoona, nao wakatoa ndoo zao. Mtaa mzima ukawa unaamka na kufungua uso wa mkurugenzi.

Mwisho wa mwezi tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya maji. Wageni wa tovuti: elfu tisa na mia mbili. Malalamiko: sifuri. Mkurugenzi atapewa kikombe cha huduma bora. Mama Povu alilisoma hilo neno la mwisho mara mbili, akarudi kwenye nguo za watu.

Jioni shemeji alivuka barabara, suti ya mkurugenzi ikiwa imening'inia mkononi.

"Anaitaka Ijumaa, shemeji, kwa ajili ya sherehe. Na shati lipigwe wanga."

"Na maji yatarudi lini?"

"Suala hilo liko kwenye mfumo."

"Haliko. Unajua haliko."

Shemeji aliangalia miguu yake. "Najua. Nilishabonyeza mwenyewe, mara sita. Na kwetu bomba limekauka wiki ya tano sasa." Mkono wake wa pili ulikuwa nyuma ya mgongo. Akautoa taratibu, umeshika ndoo tupu. "Hata nusu tu, shemeji. Watoto hawajaoga."

Mama Povu aliipokea suti akaitundika msumarini. Akaipokea na ndoo, akaipanga mstarini baada ya beseni la mwisho. Kisha akachukua simu, akabofya, na wote wawili wakakaa kwenye benchi kusubiri vishindo vya miguu.